Mhuri Hautoshi: Safari ya Mlimani Huanzia Zahanati

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, vikundi vya Watanzania hupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, wakifuata nyayo za Luteni Alexander Nyirenda aliyefikisha mwenge na bendera ya taifa kileleni mwaka 1961. Wengine hupanda kwa hisani: tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, ukishirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiandaa safari za kupanda mlima ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya virusi vya UKIMWI. Wapo pia wanaopanda kwa sababu tu wamefikisha umri wa miaka 40 au 50 na wanataka kuona kwa macho kile walichokisoma darasani.

Watu wa Bukoba na Muleba hawako mbali na shauku hiyo, ijapokuwa wako mbali na mlima wenyewe. Tumfikirie mwalimu wa sekondari wilayani Muleba, mwenye umri wa miaka 46, anayejiunga na wenzake kupanda Kilimanjaro shule zikifungwa. Ni mtu wa mfano tu, lakini mtoa huduma yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha wagonjwa wa nje atamtambua. Anafika zahanati Ijumaa alasiri akiwa na fomu ya afya aliyopewa na waandaaji. Basi linaondoka Jumapili alfajiri. Tabibu, ambaye mwanawe anasoma katika shule hiyo hiyo, anamuuliza: "Mwalimu, una tatizo lolote?" Naye anajibu: "Sina, daktari, niko salama kabisa." Fomu inajazwa, mhuri unagongwa, wawili hao wanatakiana heri. Shughuli nzima haikuzidi dakika 2.

Hakuna aliyedanganya katika mazungumzo hayo. Mwalimu hakusema kwamba mwaka jana aliambiwa presha yake iko juu akaacha dawa baada ya mwezi mmoja, kwa sababu hakuona kuwa hilo ni tatizo. Tabibu hakumpima, kwa sababu aliyesimama mbele yake hakuwa mgonjwa. Hata hivyo, karatasi ile sasa inasema kwamba mtaalamu wa afya amemkagua mtu huyu na kumwona anafaa kulala hemani kwenye kimo cha mita 4,600, mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki.

Hoja ya makala haya ni kwamba mhuri huo hautoshi. Maandalizi ya safari ndefu ya milimani ni huduma ya afya kamili, inayopaswa kuanza wiki 6 hadi 8 kabla ya safari, katika zahanati au kituo kilicho karibu na nyumbani kwa msafiri. Huduma hiyo haihitaji mashine ngeni. Inahitaji maswali sahihi, vipimo ambavyo vituo vyetu vimezoea kuvifanya, na ujasiri wa kumwambia mtu mzima mwenye shauku kwamba asubiri.

Kimo cha nyumbani si kinga

Mkoa wa Kagera una miinuko mingi, na wakazi wake wamezoea kupanda na kushuka. Ziwa Viktoria lenyewe liko kwenye kimo cha takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya nyanda za Muleba viko juu zaidi ya hapo. Kutokana na hali hiyo huzuka imani kwamba mtu aliyekulia miinukoni tayari amezoea hewa ya milimani. Imani hiyo haina msingi wa kitabibu.

Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni, iwe ufukweni mwa bahari au kwenye theluji ya Kibo. Kinachobadilika ni mgandamizo wa hewa, na kwa hiyo kiasi cha oksijeni kinachoingia mapafuni kwa kila pumzi. Mjini Bukoba mtu hupata karibu asilimia 87 ya kile anachokipata mkazi wa Tanga au Zanzibar, tofauti ambayo mwili wenye afya hauioni. Kwenye mita 4,700 hupata zaidi kidogo ya nusu. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hupata karibu nusu tu. Kuishi kwenye mita 1,200 au 1,500 hakumwandai mtu kwa hali hiyo. Tena basi, mji wa Moshi, ambako safari nyingi huanzia, uko chini ya kimo cha Bukoba. Kulala huko usiku mmoja huondoa uchovu wa basi, lakini hakuuzoeshi mwili chochote.

Mwili una njia zake za kuzoea, ila unahitaji muda. Katika saa za kwanza mtu hupumua kwa kasi na kwa kina zaidi. Kupumua huko huondoa hewa ya ukaa nyingi na kuifanya damu kuwa na alikali zaidi. Figo hurekebisha hali hiyo kwa siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu huongezeka kwa wiki, si kwa siku. Hakuna mazoezi ya mbio yanayoweza kuharakisha kazi ya figo. Ndiyo maana kijana mwenye misuli, aliyezoea kubeba mikungu ya ndizi kutoka shambani, anaweza kuanguka kwenye kambi ya tatu wakati mama wa miaka 55 anayetembea taratibu anaendelea. Wenye nguvu mara nyingi huwa hatarini zaidi, kwa kuwa miguu yao huwafikisha juu kabla ya damu yao kuwa tayari.

Siku nyingi ni dawa ya kwanza

Mwongozo unaokubalika katika tiba ya milimani ni kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku 3 au 4 awepo usiku wa kupumzika kwenye kimo kile kile. Tuupime mwongozo huu kwa njia ya Marangu, ambayo ndiyo yenye vibanda vya kulala. Lango liko karibu mita 1,860. Usiku wa kwanza msafiri hulala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu kibanda cha Kibo, mita 4,720. Kila siku hupanda karibu mita 1,000, mara mbili ya kinachoshauriwa. Usiku huo wa tatu huamshwa karibu saa sita ili apande mita nyingine 1,175 gizani na kwenye baridi kali.

Ratiba hiyo ya siku 5 ndiyo ya bei nafuu, kwa kuwa ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Mwalimu wa mfano wetu ataichagua, na nani wa kumlaumu? Lakini ni wajibu wa mtoa huduma kumweleza kile anachokinunua. Siku ya 6, inayotumika kulala Horombo kwa mara ya pili, huupa mwili nafasi ya kurekebisha damu. Njia za kupiga kambi kwenye mahema, kama Machame na Lemosho, zikipangwa kwa siku 7 au 8, zina faida nyingine: msafiri hupita karibu na mnara wa Lava, kwenye mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wapanda mlima husema "panda juu, lala chini", na fiziolojia inawaunga mkono.

Tafiti zilizofanyika Kilimanjaro zimewahi kukuta zaidi ya nusu ya wapandaji wakiwa na dalili za ugonjwa wa kimo. Kwa hiyo swali la kwanza la tabibu kwa mwenye fomu lisiwe "una tatizo lolote?" bali "mmepanga siku ngapi?" Jibu likiwa 5, ushauri wa kwanza wa kitabibu ni kuahirisha safari hadi fedha ya siku nyingine ipatikane. Ni ushauri unaouma, lakini una thamani kuliko kidonge chochote atakachoandikiwa.

Kichwa kinapouma

Hapa ndipo Kagera ina jambo lake la pekee. Ugonjwa wa kimo huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kizunguzungu. Mkazi yeyote wa Muleba akisikia orodha hiyo atasema neno moja: malaria. Wilaya hiyo inaijua malaria kwa uchungu. Ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 2006, na baadaye ikawa mahali pa majaribio muhimu ya vyandarua vyenye dawa ya aina mpya. Watu wake wamefundishwa, na wamefundishwa vyema, kwamba kichwa kikiuma wasichelewe kutafuta tiba ya malaria.

Mlimani mazoea hayo mema yanaweza kugeuka hatari kwa namna mbili. Ya kwanza ni mtu mwenye ugonjwa wa kimo kumeza dawa ya mseto aliyoibeba, kisha kuendelea kupanda akisubiri dawa ifanye kazi. Saa hizo za kusubiri zinaweza kumgharimu maisha. Ya pili ni kinyume chake. Vimelea vya malaria kali huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu alipouma hadi homa kuanza. Mtu aliyeumwa na mbu Muleba wiki moja kabla ya safari anaweza kuanza kuumwa akiwa hemani Shira, na waongozaji wake, waliozoea kuona wageni wakiugua kwa ajili ya kimo, wakamshusha bila kufikiria malaria. Mbu hapandi mlima, lakini kimelea hupanda ndani ya damu ya msafiri.

Kanuni ya kufuata ni rahisi. Juu ya mita 2,500, kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu au uchovu kihesabiwe kuwa ni ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vinginevyo: mtu asipande zaidi, apumzike, na asipopata nafuu ashuke. Kukiwa na homa au kutetemeka, apimwe malaria kwa kipimo cha haraka mara tu atakapofika penye huduma, na yeye mwenyewe aseme wazi: "Nimetoka Kagera." Maneno hayo mawili yanaweza kubadili mwelekeo wa tiba. Kushuka hakumdhuru mgonjwa wa malaria. Kuendelea kupanda kunaweza kumuua mgonjwa wa kimo.

Lipo na chanzo cha tatu cha maumivu ya kichwa ambacho hutajwa kwa nadra. Msafiri aliyezoea jiko la mkaa jikoni kwake anaweza kushawishika kuliingiza ndani ya hema ili kuota moto. Mkaa unaofuka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoishika damu na kuinyima oksijeni. Mlimani, ambako oksijeni tayari ni haba, haichukui muda mrefu kuua. Moto wa aina yoyote haupaswi kuingia hemani, hata baridi iwe kali kiasi gani.

Dalili mbili za hatari zinafaa kukaririwa na kila msafiri kama anavyokariri namba yake ya simu. Ya kwanza ni kuyumba. Mtu aambiwe atembee kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma. Akishindwa, au akianza kuongea ovyo, ubongo wake unavimba. Ya pili ni kukosa pumzi akiwa amekaa kimya, pamoja na kikohozi kinachoweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Hapo mapafu yanajaa maji. Katika hali zote mbili mtu ashushwe mara moja, hata usiku wa manane, angalau mita 500 hadi 1,000, akipewa oksijeni ikiwapo. Asiachwe peke yake, na asiambiwe asubiri asubuhi.

Mambo ya kupima kabla ya safari

Turudi zahanati. Vipimo vinavyohitajika vipo katika vituo vyetu vingi, na kile ambacho hakipo zahanati hupatikana katika hospitali kama Rubya na Ndolage kwa watu wa Muleba, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba.

Wingi wa damu upimwe mapema. Mtu mwenye upungufu wa damu hubeba oksijeni kidogo hata akiwa ufukweni mwa ziwa. Mlimani upungufu huo huongezeka uzito. Wanawake walio katika umri wa kuzaa ndio wanaopatwa zaidi. Vidonge vya madini chuma huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, na hii ni sababu mojawapo ya kutaka mtu aje wiki 6 hadi 8 kabla na si Ijumaa ya mwisho.

Selimundu iulizwe na, inapowezekana, ipimwe. Uchunguzi wa damu za watoto katika mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Kagera ikiwemo, umeonyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 5 amerithi kinasaba kimoja cha selimundu. Wengi wao hukua wakawa watu wazima bila kujua, kwa kuwa hawaumwi. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kupanda mlima mrefu kabisa: upungufu wa oksijeni, baridi na kukaukiwa maji ni mambo matatu yale yale yanayomletea maumivu makali nyumbani. Aliyerithi kinasaba kimoja kwa kawaida anaweza kusafiri, lakini ajue kwamba maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto yanaweza kuwa dalili kuwa bandama yake imekosa damu. Hilo si gesi tumboni, na mtu huyo anapaswa kushuka.

Presha ipimwe zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti. Presha inayodhibitiwa kwa dawa haimzuii mtu kupanda, isiyodhibitiwa inamzuia. Kimo chenyewe huweza kuipandisha zaidi, kwa hiyo dawa zisiachwe nyumbani wala zisirukwe kwa sababu ya uchovu wa safari. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo ashauriane na daktari, kwani mlimani mwili hupoteza maji mengi kwa kupumua.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aelezwe kwamba dawa hiyo ikiganda huharibika. Aivae shingoni au kifuani, ndani ya nguo, na alale nayo. Kipima sukari nacho huweza kutoa majibu ya uongo kwenye baridi kali, hivyo kitunzwe karibu na mwili.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayetumia dawa kwa uaminifu na ambaye virusi vimefubazwa, ana haki ya kupanda mlima kama mtu mwingine. Jambo hili linafaa kusemwa Kagera kwa sauti, kwa kuwa ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na unyanyapaa wa miaka ile bado haujaisha. Abebe dawa za siku zote za safari pamoja na akiba, na azibebe mwenyewe, si kwenye mzigo wa mpagazi unaotangulia kambini.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo usiotulia, waliopata kiharusi hivi karibuni, wenye kifua kikuu ambacho bado kinatibiwa, na wenye ugonjwa sugu wa mapafu wanaohema kwa shida hata wakitembea kwenda sokoni, washauriwe kutopanda. Kusema hivyo kunahitaji upole. Kunahitaji pia kutoandika "anafaa" kwa ajili ya kumridhisha jirani.

Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho vituo vingi vimekizoea tangu wakati wa UVIKO-19, ni msaada mzuri wa kugundua tatizo la mapafu au moyo lililojificha. Lakini namba nzuri mjini Bukoba haitabiri nani atakayeugua kwenye mita 4,000. Isitumike kumpa mtu uhakika ambao haupo.

Kidonge kinachoweza kusaidia

Wasafiri wengi huuliza kuhusu dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo. Ipo: asetazolamaidi, ambayo wahudumu wa kliniki za macho wanaifahamu kama dawa ya presha ya macho. Kwa kinga ya mlimani mtu mzima hutumia miligramu 125 mara mbili kwa siku, akianza siku moja kabla ya kupanda. Inasaidia figo kufanya haraka ile kazi ya kurekebisha damu iliyoelezwa hapo juu. Humfanya mtu akojoe mara kwa mara, na vidole huweza kufa ganzi kidogo. Hayo si ya kutisha.

Hata hivyo dawa hii si ya kununuliwa dukani kwa kusikia. Iko katika kundi la salfa. Katika mkoa ambao watu wengi wamewahi kutumia Septrin au SP, tabibu aulize kwa makini kama mgonjwa aliwahi kuchubuka ngozi, kuota malengelenge au kuvimba midomo baada ya dawa hizo. Aliyepata madhara makubwa ya namna hiyo asipewe. Wenye ugonjwa mkubwa wa figo au ini, na wajawazito, nao wasipewe. Wengine ni busara wajaribu dozi moja au mbili wakiwa nyumbani, ili madhara yakitokea yatokee karibu na hospitali. Na wote waelewe kwamba kidonge hakigeuzi ratiba ya siku 5 kuwa salama.

Miguu, maji na mzigo

Mazoezi bado yana nafasi yake, ingawa si ile inayodhaniwa. Yanaokoa magoti, yanapunguza uchovu, na yanampa mtu akiba ya nguvu ya kushuka akiwa ameugua. Mkazi wa Muleba hana haja ya ukumbi wa mazoezi: mteremko wa Kamachumu unatosha. Apande na kushuka mara mbili au tatu kwa wiki, mwishoni mwa wiki atembee saa 5 au 6 akiwa na begi la kilo 7 hivi mgongoni, na avae viatu vile vile atakavyovaa mlimani, ili malengelenge yatokee nyumbani. Kushuka kusidharauliwe, kwani ndiko kunakoumiza magoti.

Mlimani anywe maji kiasi cha kumfanya akojoe mkojo mweupe, ale hata kama hamu haipo, na aiache pombe, iwe ya dukani au lubisi ya kujipongeza, mpaka atakaporudi chini. Pombe na dawa za usingizi hupunguza kasi ya kupumua usiku, wakati ambao mwili unahitaji kila pumzi.

Neno moja kuhusu wapagazi. Wapo vijana wanaotoka mikoa ya mbali kwenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo Kilimanjaro. Hao huwa hawaletewi fomu yoyote. Mapafu yao ni kama ya mgeni, baridi huwauma vilevile, na mara nyingi nguo zao ni hafifu. Kijana akija kituoni na kutaja kwamba anakwenda kufanya kazi hiyo, apewe ushauri ule ule anaopewa mwalimu.

Je, kuna kazi muhimu zaidi?

Mganga mfawidhi anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: zahanati yenye foleni ya watoto wenye homa na akina mama wanaosubiri kliniki ina muda gani wa kuwahudumia wachache wanaokwenda kutembea milimani kwa hiari yao? Wengine watasema kwamba maelfu hupanda bila kupimwa na hurudi salama.

Ni kweli wengi hurudi. Lakini wanaopimwa hawapimwi kwa ajili ya mlima peke yake. Mwalimu aliyeacha dawa za presha yuko hatarini hata asipopanda mahali popote. Anaweza kupata kiharusi ubaoni, mbele ya wanafunzi wake. Mwanamke mwenye upungufu wa damu anauhisi akichota maji. Kijana aliyerithi selimundu anahitaji kujua kabla ya kuoa. Watu wazima wenye kazi na shauku, hasa wanaume, ni nadra kufika kituoni wakiwa hawaumwi. Fomu ya mlima ni miongoni mwa mambo machache yanayowaleta wenyewe, kwa furaha, wakiwa tayari kusikiliza. Kugonga mhuri na kuwaacha waende ni kupoteza nafasi ambayo kampeni nyingi za upimaji huitafuta bila kuipata.

Muda unaohitajika ni kama dakika 20: maswali kuhusu ratiba, maradhi ya awali, dawa na mzio, presha, wingi wa damu, sukari, selimundu, kisha maelezo ya dalili mbili za hatari. Karatasi moja ya maswali hayo, iliyobandikwa ukutani katika chumba cha tabibu, inatosha kuanzia.

Liko jambo la mwisho ambalo kipimo hakiwezi kulifanya. Watu wengi wanaoshushwa wakiwa mahututi walijua mapema kwamba hawako sawa, wakanyamaza. Mwalimu aliyechangiwa nauli na wenzake, aliyewaahidi wanafunzi picha ya kileleni, atanyamaza. Kwa hiyo azungumze na wenzake kabla ya basi kuondoka Bukoba, wakubaliane kwa maneno yaliyo wazi kwamba yeyote atakayesema "kichwa kinaniuma" hatachekwa, kwamba atakayeshuka atasindikizwa, na kwamba picha ya Horombo itapokelewa shuleni kwa makofi yale yale.

Na Ijumaa ile, tabibu aiweke fomu mezani bila kuigonga mhuri. Amkalishe mwalimu, amfunge kitambaa cha presha mkononi, na amuulize ile dawa ya mwaka jana aliiacha lini.